Mlima Nilioupiga Chapa Mwenyewe

Mkoa wa Pwani hauna mlima. Nalisema hili mapema, asije mtu wa Moshi au wa Mbeya akanicheka katikati ya maneno. Tuna miinuko, tuna makorongo, tuna vilima vya Kisarawe ambavyo mwanamke anavipanda na ndoo ya maji kichwani na hamwagi hata tone. Lakini mlima wa kuitwa mlima, hatuna. Na bado ofisini kwetu Kibaha, miaka ile ya foleni za sukari, tulikuwa na Klabu ya Wapanda Milima, yenye katiba na muhuri, na katibu wake nilikuwa mimi.

Ukatibu sikuuomba. Nilikuwa mpiga chapa, na mashine ilikuwa mezani kwangu, basi. Enzi hizo ukiwa na mashine ya chapa ulikuwa katibu wa kila kitu: wa klabu, wa kamati ya mazishi, wa ushirika wa duka, hata wa harusi za watu usiowajua.

Mwenyekiti alikuwa bosi wetu, mtu wa bara aliyekwenda kusoma Ulaya kwenye theluji akarudi na vitu viwili: shahada na buti za kupandia milima. Shahada ilipata kazi siku hiyo hiyo. Buti zilikaa chini ya kitanda miaka miwili, na nadhani ndizo zilizokuwa zikimkosesha raha. Siku moja akatuita ukumbini, akatuambia kwamba mfanyakazi akikaa tu anaota kitambi, na kitambi ni dalili ya ubepari. Bwana Stoo, mtunza ghala wetu, aliyekuwa na kitambi kutuzidi wote, akawa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono hoja. Klabu ikazaliwa hapo hapo.

Mwaka mzima hatukupanda kitu. Tulikaa vikao. Kikao cha katiba, kikao cha kamati ya kuipitia katiba, kikao cha kuchagua kamati ya njia, na njia yenyewe hatuijui inakwenda wapi. Nilipiga chapa mihtasari mpaka karatasi za kaboni zikachujuka. Mwishowe mwenyekiti akaagiza kila mjumbe alete pendekezo la mlima. Wajumbe wakatazamana, maana mlima pekee waliowahi kuuona ulikuwa ule wa kwenye noti. Mimi nikarudi mezani kwangu, nikatia karatasi mashineni, nikaupiga chapa mlima.

Sasa nieleze kwa nini nilifanya vile, msije mkaniona mwongo bure.

Ofisini kulikuwa na dereva wa lori. Mrefu, mpole, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa kucheka na macho. Tulikuwa tumependana, mwaka wa pili unakwenda. Mimi nilipanga chumba Misugusugu, na kila jioni alipopita na lori barabarani alipiga honi mara mbili. Mama mwenye nyumba wangu alichoka kuisikia. "Mwanangu," akaniambia siku moja, "hiyo honi italeta posa lini?"

Posa haikuja kwa sababu ya mama yake. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na hakuna mtu wa Pwani asiyejua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wakipita huku na pembe za ndovu mabegani. Mtani unamwita mtumwa wako. Unamnyang'anya kitu chake mchana kweupe, unamwambia maneno yasiyosemeka, naye haruhusiwi kununa. Na mtani akifa unakwenda msibani kwake kufanya vituko, ili wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Mama yake aliposikia kabila langu akatuma maneno, na dereva, ambaye hajui kuchuja kitu, akaniletea kama yalivyo: "Mkwe ni mtu wa heshima. Mimi nitamwonea haya, na yeye atanionea haya. Mtani hana haya. Siku nikifa nataka mkwe wa kunililia. Sitaki mtumwa wangu aje kuniruka jeneza akicheka." Akaongeza kwamba mihogo ikishavunwa atamposea mwanawe binti wa jirani.

Alikuwa mjane, na dereva ndiye mtoto wake pekee. Nilimwuliza, wewe bwana, huwezi kunioa bila radhi ya mama yako? Akasema, "Siwezi." Nililia, nikamtukana, nikafua mashuka yote ya ndani, hata yaliyokuwa safi. Lakini moyoni nilimheshimu kwa jibu lile, na hapo ndipo palipouma zaidi.

Basi, nyuma ya nyumba ya mama huyo kulikuwa na kilima. Ndicho hicho nilichokipiga chapa. Nilikiita Mlima, kwa herufi kubwa, nikakipa urefu nilioupenda mwenyewe, nikaongeza kwamba kileleni huwa na baridi kali na wajumbe wachukue sweta. Mwenyekiti alisoma pendekezo mara mbili. "Ndugu Katibu," akasema, "mbona mlima huu sijawahi kuusikia?" Nikamjibu kwamba wakoloni waliuficha. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatia sahihi.

Ikabaki kazi ya kibali. Mafuta yalikuwa haba, na Jumapili magari yalikatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana. Lori la ofisi kutoka siku hiyo lilihitaji karatasi inayosema linakwenda kufanya kazi gani. Kupanda mlima si kazi, hilo hata mwenyekiti alilikubali. Tukaandika "kilimo", maana kilimo wakati ule kilikuwa cha kufa na kupona, na hakuna askari ambaye angethubutu kuzuia lori la wakulima. Lakini mkulima bila jembe ni mzururaji. Kwa hiyo Bwana Stoo akafungua ghala, na asubuhi ya Jumapili Klabu ya Wapanda Milima ikaondoka kituo cha Kwa Mathias, pale pale Kibaha, watu kumi na wawili wenye masweta, buti jozi moja, na majembe kumi na mawili. Askari wa kizuizi cha barabarani alitupigia saluti.

Mimi nilipakata kikapu cha chakula cha klabu. Niliamka alfajiri kupika chapati kwa mafuta niliyoyapangia foleni siku mbili, na kuku mzima wa kukaanga. Wenzangu walidhani najitolea kwa ajili yao. Pole yao. Nilitaka mama mtu, akija kuonja, ajue kwamba mwanawe hatakufa njaa. Njiani dereva alinikumbusha kwa mara ya kumi: "Ukifika piga magoti, amkia, halafu nyamaza. Akisema lolote, nyamaza. Mwonyeshe adabu, labda atalainika." Nikaapa kunyamaza. Mtu anayenijua angecheka hapo.

Tulimkuta anafagia uwanja. Mwanamke mrefu, mrefu kuliko hata mwanawe, kanga kaifunga chini ya kwapa, fagio mkononi. Mwenyekiti alimwamkia, akajitengeneza kola, akaanza hotuba. Akasema sisi ni wafanyakazi wazalendo, na leo tumekuja kuushinda mlima huu.

Mama akageuka kutazama nyuma ya nyumba yake. "Mlima upi?"

"Huu, mama."

"Huu?" Akamtazama mwenyekiti, akazitazama buti. "Mbona nakwenda juu huko kila siku kulima? Haujamkosea mtu."

Wenzangu wakaanza kunitazama mimi. Nikaona bora nipige magoti upesi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tabora, mama."

Fagio likaanguka. "Mnyamwezi! Loo, jamani, njooni muone! Mtumwa wangu amenifuata mpaka mlangoni! Mzigo wa bwana wako umeutua wapi? Au umeutupa porini ukala ubuyu?" Nikainamisha kichwa. Akanizunguka. "Ndiye huyu anayemtaka mwanangu? Shingo yenyewe imekakamaa kwa kubeba mizigo, ataivalia mkufu gani?" Nikanyamaza. Akasema kuhusu miguu yangu, kuhusu babu yangu, kuhusu panya ambao eti kwetu tunawala. Majibu yalikuwa yananijaa mdomoni kama mate mbele ya ndimu, nikayameza yote. Dereva nyuma yake alikuwa ananifanyia ishara: vizuri, hivyo hivyo.

Mwenyekiti, ambaye kwao utani wa namna hii haupo, akaona mjumbe wake anadhalilishwa. Akasogea na kidole juu. "Mama! Taifa hili limeukataa ukabila! Huyu ni ndugu yetu na ni katibu!"

"Ukabila gani?" mama akauliza, amekereka kweli. "Natania na mtumwa wangu, wewe unaingiaje?" Kisha akanitazama mimi, na uso wake ukashuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepiga hodi nyumba yenye watu, wakagoma kufungua. "Huyu hata kutaniwa hajui," akasema. Akakiona kikapu. Akakichukua mkononi mwangu, taratibu tu, kama chake. "Cha mtumwa ni cha bwana wake." Akaingia nacho ndani akafunga mlango.

Hicho ndicho kilichokuwa chakula chote cha klabu.

Tukaupanda mlima kwa njaa na manung'uniko. Mwenyekiti alitangulia na filimbi. Katiba ilisema mapumziko kila dakika kumi, akapiga filimbi, tukapumzika, ingawa kilele tulikuwa tunakiona kiko usawa wa paa la shule. Majembe yalikuwa mabegani, kwa kuwa dereva aliogopa kuyaacha kwenye lori. Wanawake waliokuwa wanateremka na kuni kichwani walitupisha kwa adabu. "Poleni na kazi," wakasema, na mmoja akauliza kama kuna mtu amepotea. Bwana Stoo alikuwa amevua sweta na kulifunga kichwani, jasho linamtoka hadi kwenye masikio. "Ndugu Katibu," akaniambia, "hiyo baridi kali iko upande gani?"

Mimi nikaongeza mwendo. Nilifanya kila nilichoambiwa, nilipiga magoti, niliamkia, nilinyamaza kama jiwe, na yule mama alinitazama kana kwamba mlangoni pake pamesimama kanga tupu isiyo na mtu. Na mihogo ilikuwa karibu kuvunwa.

Kileleni palikuwa na shamba la mihogo. Na katikati ya shamba, juu ya gogo, alikuwa amekaa mama. Alipitia njia yake ya nyuma. Kikapu kilikuwa magotini, mifupa ya kuku chini ya miguu, na mkononi chapati yangu, ameikunja vizuri.

"Poleni," akasema. "Mlizungukia Morogoro?"

Mwenyekiti, aliyekuwa na bendera ndogo mfukoni ya kusimika, aliitoa, akatafuta pa kusimika pasipokuwa na muhogo, akairudisha mfukoni.

"Mtumwa wangu anapika," mama akaendelea, huku anatafuna. "Ila mkono wa chumvi mzito. Umezoea kupikia wapagazi."

Jamani. Siku mbili za foleni! Kuku wa mshahara wangu! Nilimwona dereva ameweka kidole mdomoni, ananisihi. Kiapo kikaniponyoka.

"Kula, mama, kula!" nikasema. "Nyie Wazaramo mtakula nini kingine? Mihogo mmewaachia ngedere wawalimie, wenyewe mko ngomani tangu juzi! Tazama shamba lenyewe, magugu yamesimama kama watu kwenye mkutano! Unaiba chakula cha mtumwa wako, huna hata aibu, na mimi ndiye niliyekuja kukukomboa na njaa, bibi mrefu kama mnazi usiozaa!"

Dereva alikaa chini palepale, mikono kichwani. Nami nikajua nimekwisha. Nilimwona binti wa jirani anapambwa, na honi inapigwa mlangoni kwake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akamaliza chapati. Akalamba vidole, kimoja kimoja. Akanyanyuka, akaenda akachukua jembe begani kwa Bwana Stoo, akaja akanikabidhi. "Lima basi, mwenye kujua kulima. Tuone."

Nililima. Jembe nilikuwa sijalishika tangu nitoke kwetu, vidole vimezoea herufi, lakini mgongo haukusahau. Na kwetu hatulimi ardhi ikabaki bapa kama huku. Kwetu tunainua matuta, marefu, udongo umerundikwa juu. Nilipoinua tuta moja mama akaja kusimama karibu, mikono kiunoni.

"Nini hicho?"

"Tuta."

"Tuta gani? Hilo ni kaburi."

Maji nilikwisha kuyavulia nguo, ilibaki kuyaoga. "Ndilo," nikasema, bila kuinua kichwa. "La kwako. Nakupimia mapema, maana Wazaramo mkifa mnawasumbua watu."

"Astaghafirulahi," Bwana Stoo akasema. Mwenyekiti akaanza kutafuta filimbi.

Mama alilitazama tuta. Akanitazama mimi. Halafu akajikaza kanga, akashuka chini polepole kwa sababu ya magoti yake, akalala chali pembeni ya tuta, amejinyoosha, mikono kifuani, macho amefumba. Upepo ukapita kwenye mihogo. Nikaona nimeua mtu kwa mdomo.

Akafumbua jicho moja. Akainua kichwa, akaangalia mwisho wa tuta na mwisho wa miguu yake.

"Fupi," akasema. "Miguu itatokeza."

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa pale pale chini, akakohoa, akacheka tena, anapiga udongo kwa kiganja. "Mtumwa wangu! Kumbe una mdomo! Ulikuwa umeuficha wapi muda wote huu, kwenye kikapu?" Mimi nami nikacheka, nikakaa kando yake, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, ya kweli, ya miaka miwili, siwezi kuyazuia. Akaacha kucheka, akanitazama.

"Unacheka au unalia?"

"Vyote, mama."

Akanyoosha mkono nimwinue, nikamwinua. Akajikung'uta udongo, akamgeukia mwanawe, ambaye bado alikuwa chini na mikono kichwani. "Wewe, inuka. Lete watu wa kuzungumza posa kabla mihogo haijavunwa. Na hawa wengine majembe wameyabeba ya nini, mapambo?"

Klabu ya Wapanda Milima ikalima. Saa mbili nzima, kwa matuta, mimi nasimamia. Mwenyekiti alivua buti, akasema zinamzuia, na nikiri kwamba alilima vizuri kuliko alivyoongoza. Saa sita tukateremka kukimbiza muda wa barabara, kila mtu na muhogo mmoja mbichi wa kutafuna. Jumatatu nikapiga chapa taarifa: "Wajumbe walifika kileleni. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Wajumbe walilima." Nadhani kile cha "kilimo" ndicho kibali pekee cha ofisi ile kilichowahi kusema kweli. Klabu haikupanda tena mlima wowote.

Niliolewa. Mbele za watu mama mkwe alinionea haya nami nikamwonea haya, kila mtu na kanga yake usoni. Watu wakiondoka tu, "Mtumwa, maji ya kunywa!" nami namjibu akachote kisimani, Mzaramo mvivu wewe. Tulitukanana hivyo miaka. Nilimpenda, na sikuwahi kumwambia kwa maneno mengine.

Alipofariki nilikuwa chumba cha ndani na wanawake, nimejifunika kanga gubigubi, nalia kama mkwe anavyotakiwa kulia, na sikuwa naigiza. Nikasikia wanaume wanalitoa jeneza. Hakuna mtani yeyote aliyekuwa amefika, na msiba ulikuwa mzito mno, nyumba nzima haina hata kikohozi. Nikasimama. Wanawake wakanivuta kanga, nikawaachia kanga. Nyuma ya mlango kulikuwa na jembe lake. Nikalichukua, nikaenda kusimama mlangoni, katikati.

"Hapiti mtu!" nikasema, machozi na makamasi yananitiririka. "Huyu mmempima? Huyu ni mrefu kama mnazi! Makaburi ya Wazaramo wavivu nayajua, hamfikishi mwisho. Hilo mlilochimba ni fupi. Miguu itatokeza!"

Mume wangu alikuwa mmoja wa waliobeba, upande wa mbele. Alinitazama, na safari hii hakuweka kidole mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, kikawashika na wengine, mpaka jeneza lenyewe likatikisika mabegani mwao. Nikaweka jembe chini, nikawapisha.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nikakaa barazani nikangoja. Waliporudi, mume wangu alikuja kukaa kando yangu, viatu vimejaa udongo. Akaniambia kwamba walipofika, wazee walisema neno la mtani halipuuzwi, wakachukua fito wakapima. Lilikuwa fupi kweli. Wakachimba tena kidogo, upande wa miguu.